Maada ya giza ipo, au kanuni ya mvutano ndiyo yenye kasoro?

Mleta mada: Wakuu, kwa kanuni ya mvutano ya Newton, nyota iliyo pembezoni mwa galaksi inapaswa kuzunguka polepole kuliko zilizo karibu na kitovu. Mwaka 1970 Vera Rubin na Kent Ford walichapisha vipimo vya galaksi ya Andromeda: kasi ya huko pembeni haishuki inavyotakiwa. Jibu la wengi ni maada ya giza, yaani maada isiyoonekana ila mvutano wake unahisika. Haya, mitambo ya kuinasa imefukiwa ardhini, LUX-ZEPLIN kule South Dakota ukiwa mmojawapo, na hakuna chembe iliyothibitishwa mpaka leo.

Mwanafizikia Mordehai Milgrom alisema mwaka 1983 tuguse kanuni yenyewe. Mchapuko (jinsi mwendo unavyobadilika kila sekunde) ukiwa mdogo mno, chini ya takriban mita 0.00000000012 kwa sekunde mraba, mvutano upungue kwa umbali, si kwa mraba wa umbali. Hapo kasi ya nyota za pembeni inabaki ileile. Namba moja tu, na galaksi nyingi zinaitii! Naona wazo hili linabezwa bure.

Mchangiaji wa 1: Galaksi moja moja sawa, mkuu. Makundi ya galaksi je? Kwenye Bullet Cluster makundi mawili yalipigana kumbo, gesi, yaani sehemu kubwa ya maada inayoonekana, ikakwama katikati. Lakini mwanga wa nyuma yake unapindishwa zaidi pale galaksi zilipo, si penye gesi, yaani mvutano mkubwa uko huko. Milgrom mwenyewe huko bado anadai maada isiyoonekana. Na ile nadharia ya Bekenstein ya 2004 iliyounganisha wazo la Milgrom na kanuni ya Einstein? Tarehe 17 Agosti 2017 mawimbi ya mvutano na miale ya gama ya nyota za nyutroni zilizogongana vilifika vikipishana sekunde 1.7 tu, baada ya safari ya miaka milioni 130 hivi. Nadharia hiyo ilitaka vipishane zaidi ya hapo, ikazikwa.

Mleta mada: Hiyo imezikwa, sibishi. Skordis na Złośnik wameleta nyingine mwaka 2021 isiyovunjwa na kipimo hicho. Halafu kumbuka mwanaastronomia Le Verrier: Uranus ilipoyumba alidai kuna sayari isiyoonekana, Neptuni ikapatikana 1846. Akarudia dai hilo kwa Utaridi, sayari haikupatikana. Einstein akabadili kanuni mwaka 1915. Mnatumia mfano wa kwanza tu.

Mchangiaji wa 2: Twendeni kwenye nyota pacha zilizoachana mbali, ambako mchapuko ni mdogo kama ule wa Milgrom. Mwaka 2023 watafiti walitumia data za Gaia, chombo cha angani kinachopima nyota: Chae akaona Newton kashindwa, Banik na wenzake wakaona kashinda. Ugomvi ni jinsi ya kuondoa jozi zenye nyota ya tatu iliyojificha. Nani hapa anaweza kutueleza uchujaji wa yupi ni safi?