Kupima kaboni dioksaidi ya udongo: namba zinaruka

Wakuu, tupo msitu wa Ngangao, Taita. Pete za chemba (chemba ni chombo cha kufunika udongo na kunasa gesi inayotoka; pete ndiyo kitako chake) tunazichomeka asubuhi na kupima papo hapo. Mbona namba zinaruka?

— Ndiyo shida yenyewe. Kuchomeka pete kunakata vijizizi na kutibua udongo, hewa iliyonaswa inafumuka. Zizamishe sentimita 3 hadi 5, subiri saa 24, halafu usizing'oe msimu mzima.

— Na msipumulie chemba! Pumzi ya mtu ina kaboni dioksaidi takriban ppm 40,000 (ppm ni sehemu kwa milioni). Hewa ya kawaida 420 hivi. Simama upepo unakoelekea.

— Funika dakika 2 au 3, tupa vipimo vya sekunde 30 za mwanzo. Mstari wa gesi kwenye grafu ukipinda, kagua mpira wa kuzibia: jani moja likibanwa hapo, inavuja.