Injini ya kukingama: ni Mini kweli iliyobadilisha gari dogo, au sifa tunampa asiye mwenyewe?

Krenki_Tupu aliandika:

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa undani. Ukifungua boneti ya Vitz, IST, Premio au Probox, unakuta injini imekingama, yaani imelala kutoka upande hadi upande wa gari: mkanda wa feni uko upande wa kulia, giaboksi upande wa kushoto, na shafti mbili zinatoka kwenye giaboksi moja kwa moja hadi matairi ya mbele. Ukija kwenye Mark II ya zamani au Hilux, injini imeelekea nyuma na propela shafti inapita chini ya gari mpaka kwenye difu, zile gia zinazogawia matairi nguvu.

Kwa maoni yangu hakuna ubunifu uliobadilisha gari la mtu wa kawaida kuliko huu wa kukingamisha injini. Umeondoa propela shafti, umeondoa lile bonge la katikati ya sakafu, umeacha nafasi ya watu. Karibu kila mahali sifa inapewa Mini, gari dogo la Uingereza la mwaka 1959. Lakini DKW F1 ilikuwa na injini iliyokingama na ilivuta mbele tangu 1931. Je, kwa nini isihesabiwe? Na giaboksi ya Mini ilikaa wapi, maana nasikia haikufanana na hizi tulizo nazo? Mwisho, kwa nini gari za kuvuta mbele hazikushamiri mapema, na kwa nini jointi za CV, zile za kwenye shafti zinazozungusha tairi hata likikata kona, ndizo zinazoongoza kwa kutoa kelele?

Spana_Kumi_na_Nne alijibu:

DKW ilitangulia, hilo halina ubishi. Saab 92 ya 1949 nayo ilipita njia hiyohiyo. Ila zote mbili zilikuwa na injini ndogo za silinda mbili zinazochanganya oili na petroli. Injini ya namna hiyo ni fupi, ukiikingamisha inaingia bila shida. Kazi ilikuwa kuchukua injini ya silinda nne, ya kupozwa kwa maji, ukaiweka pamoja na klachi na giaboksi katikati ya magurudumu mawili ambayo yanatakiwa pia kukata kona. Hapo ndipo Alec Issigonis, mbunifu wa Mini katika kampuni ya BMC ya Uingereza, anapostahili heshima yake.

Mgogoro wa Suez wa 1956 uliifanya petroli iwe adimu Uingereza, na bosi wa BMC, Leonard Lord, akataka gari dogo haraka. Gari lililotoka Agosti 1959 lina urefu wa mita 3.05 tu, matairi ya inchi 10, na karibu asilimia 80 ya eneo la sakafu ni la abiria na mizigo. Hakukuwa na muda wa kubuni injini mpya, kwa hiyo ilitumika A-series iliyokuwapo, cc 848.

Jibu la swali lako la pili: giaboksi aliiweka chini ya injini, ndani ya sampu yenyewe, lile bakuli la oili. Krankishafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, iko juu, gia ziko chini yake, na vyote vinaogelea kwenye oili moja, kama lita 4.8. Ni akili kubwa, lakini gharama yake ilionekana gereji. Meno ya gia huisaga oili, kwa hiyo inapoteza unene mapema kuliko kwenye injini ya kawaida. Vumbi la chuma kutoka kwenye gia linazunguka hadi kwenye beringi za krankishafti, ndiyo maana nati ya kumwagia oili ina sumaku. Anayeitunza Mini vizuri habadilishi oili baada ya km 10,000. Anaimwaga kwenye 5,000 na kuifuta ile sumaku. Unga laini wa chuma kama tope ni kawaida. Ukikuta vipande vinavyoshikika kwa vidole, jino limevunjika.

Kingine ni mvua. Kwenye gari za majaribio kabureta ilikuwa mbele. Injini ikageuzwa, kabureta ikaenda nyuma na distribyuta, kifaa kinachogawia plagi umeme, ikaja mbele kabisa, nyuma tu ya grili. Ukipita kwenye dimbwi kwa kasi, maji yanarukia distribyuta na gari linazima. Dawa ilikuwa kuweka kinga ya mpira na kuhakikisha nyaya za plagi hazina nyufa. Rejeta nayo ilikaa pembeni, feni ikisukuma hewa ya moto kuelekea kwenye uwazi wa tairi la kushoto.

Pamoja na hayo yote, gari la Mini lilitengenezwa hadi mwaka 2000 na zilitoka zaidi ya gari milioni 5. Lilithibitisha kwamba gari dogo si lazima liwe gari la kujibana.

Giaboksi_Pembeni alijibu:

Mkuu hapo juu umeeleza vizuri sana, lakini nitakupinga kwenye jambo moja: Vitz si uzao wa Mini. Ni uzao wa Dante Giacosa, mhandisi wa Fiat ya Italia.

Giacosa aliziona kasoro za kuchanganya oili na akataka giaboksi ikae ubavuni mwa injini, mwisho wa krankishafti, kila moja na oili yake. Shida ikawa urefu. Injini ya silinda nne, klachi na giaboksi kwa mstari mmoja ni vipana mno kwa gari dogo. Akabuni namna fupi ya kuachia klachi, na difu akaiweka nyuma ya giaboksi, si katikati ya gari. Matokeo yake shafti hazilingani: moja fupi, moja ndefu. Fiat hawakutaka kuhatarisha jina lao, wakaujaribu mpangilio huo kwanza kwenye Autobianchi Primula ya 1964. Uliposhika vizuri ukaingia kwenye Fiat 128 ya 1969, cc 1116, iliyotangazwa gari bora la mwaka la Ulaya 1970. Hapo Afrika, kampuni ya Nasr ya Misri iliiunda 128 kwa miaka mingi.

Baada ya hapo angalia mfuatano: VW Golf 1974, kisha Corolla iliyohamia kuvuta mbele mwaka 1983. Zote giaboksi iko ubavuni. Peugeot 204 ya 1965 ilifuata njia ya Mini ya giaboksi chini, na njia hiyo imekufa. Kwa hiyo Issigonis alifungua mlango, ila nyumba tunayoishi ilijengwa na Giacosa.

Mambo mawili ya gereji yanatokana moja kwa moja na mpangilio wake. La kwanza ni feni. Rejeta ilirudi mbele inakopata upepo, lakini puli ya injini sasa inatazama pembeni, haiwezi kuzungusha feni. Ndiyo sababu ya feni ya umeme inayowashwa na joto. Gari likipanda joto kwenye foleni halafu likashuka ukishika barabara kuu, usianze kwa kufungua silinda hedi. Anza na fyuzi ya feni, relei, kisha mota: ipelekee umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ikizunguka, mota ni nzima, tafuta hitilafu kwenye swichi ya joto au waya.

La pili ni hizo shafti zisizolingana. Shafti ndefu hujipinda kidogo zaidi kuliko fupi inapobeba nguvu, na pembe za jointi zake ni tofauti, kwa hiyo ukikanyaga mafuta ghafla usukani unavutwa upande mmoja. Kwenye gari za cc 1000 hadi 1500 huhisi kitu. Kwenye injini zenye nguvu watengenezaji hufanya shafti ndefu kuwa nene, au huikata vipande viwili na kuweka beringi katikati. Hiyo beringi ikichoka huvuma kulingana na spidi ya gari, na mafundi wengi hubadilisha beringi ya tairi bure.

Nati_na_Habu alijibu:

Nijibu swali la jointi, maana bila hiyo si Issigonis wala Giacosa angefika popote.

Kuvuta mbele kunataka tairi lileile lipokee nguvu na pia likate kona, wakati mwingine zaidi ya nyuzi 35. Jointi ya msalaba, ile ya kwenye propela shafti, haiwezi kazi hiyo ikiwa peke yake. Ikipinda, shafti ya pili haizunguki kwa mwendo ulio sawa: ndani ya mzunguko mmoja inaharakisha mara mbili na kupunguza mara mbili. Kwa pembe ya nyuzi 30, mwendo wake unapanda hadi 1.15 ya shafti ya kwanza na kushuka hadi 0.87. Kwa nyuzi 40 ni 1.31 na 0.77. Dereva anauhisi mtetemo huo mikononi kila anapokata kona, na meno ya gia yanapigwa.

Wafaransa Jean-Albert Grégoire na Pierre Fenaille walitoa jointi ya Tracta mwaka 1926, ikasaidia, ila ilikuwa na msuguano mwingi. Jibu lililodumu ni la Alfred Rzeppa, miaka hiyohiyo ya 1920. Ndani ya kikombe kuna gololi sita zilizokaa kwenye mifereji, na fremu inayozishika daima kwenye mstari unaogawa pembe ya shafti mbili katikati. Kwa kuwa gololi ziko katikati ya pembe, mwendo unaoingia ndio unaotoka. Ilichukua muda mrefu hadi itengenezwe kwa wingi na kwa bei inayofaa gari la bei nafuu, na Mini ndiyo iliyoisambaza.

Kwa nini inalia? Gololi zinabeba nguvu yote kwenye eneo dogo sana la chuma. Zinaishi kwa grisi. Buti, ule mpira unaofunika jointi, ikipasuka, grisi inarushwa nje na mchanga na maji vinaingia. Mchanga ukishasaga mfereji, gololi inaruka ndani ya nafasi iliyolegea na unasikia ile ta-ta-ta ukikata kona. Hiyo ni jointi ya nje. Ya ndani, karibu na giaboksi, huwa ya roli tatu zinazoteleza kuingia na kutoka kadiri springi zinavyocheza. Yenyewe haigongi kwenye kona. Inatetemesha gari ukikanyaga mafuta na kutulia ukiachia.

Anayenunua gari lililotumika afanye hivi: uwanjani, kata usukani hadi mwisho, zungusha gari polepole ukikanyaga mafuta kidogo, kulia kisha kushoto, madirisha wazi. Halafu chungulia ndani ya rimu. Mstari wa grisi nyeusi uliozunguka upande wa ndani ni buti iliyopasuka, hata kama bado hakuna sauti.

Mzigo_Mlimani alijibu:

Niongeze upande wa hasara. Kuvuta mbele kunafaa gari likiwa tupu au na watu wachache, kwa sababu uzito wa injini unakandamiza matairi yanayovuta. Ukipakia sehemu ya mizigo na viti vya nyuma halafu ukapanda mlima wa tope, uzito unahamia nyuma na matairi ya mbele yanaanza kuserereka. Ndiyo maana Hiace na pikapu za mizigo zimebaki za kusukuma nyuma. Noah inafundisha vizuri: ile ya SR40 ina injini chini ya viti vya mbele na inasukuma nyuma, iliyotoka 2001 injini imekingama mbele, sakafu ikashuka, kuingia kukawa rahisi.

Na kukokota: gari la otomatiki la kuvuta mbele linyanyuliwe matairi ya mbele. Injini ikiwa imezima pampu ya giaboksi haizunguki, na gia zinazunguka bila oili kupelekwa. Km chache zinatosha kuiua.

Krenki_Tupu aliandika:

Asanteni sana wakuu, nimeelewa kwamba kila mmoja ana sehemu yake. Swali la nyongeza: buti ya nje imepasuka lakini jointi haijaanza kulia. Inafaa kubadilisha buti peke yake?

Nati_na_Habu alijibu:

Inafaa, ikiwa grisi iliyobaki haijageuka tope. Iminye kati ya vidole: ikikwaruza, mchanga umeshaingia, osha na ukague mifereji kwanza. Ukiona shimo au ukucha unakwama, badilisha jointi.

Nati ya habu ilegezwe tairi likiwa chini. Kwanza nyoosha ule ukingo uliogongwa ndani ya mfereji, vinginevyo unaharibu nyuzi za shafti. Nyanyua gari kwa jeki na uweke stendi, fungua boljointi ya chini, sukuma habu nje, gonga shafti kwa nyundo ya plastiki. Ukiivuta kwenye giaboksi oili itamwagika, weka beseni na uandae oili sili mpya, maana ya zamani ikikwaruzwa na meno ya shafti itavuja.

Kwenye Toyota nyingi jointi ya nje haikusudiwi kutolewa kwenye shafti. Buti mpya inapitishwa kutokea ndani: toa jointi ya roli tatu, uitie alama kwa rangi ili irudi ilivyokuwa. Usitumie patasi wala senta panchi kutia alama. Pakiti ya buti huja na grisi yake ya molibdenamu. Itie yote, nyingi ndani ya jointi na iliyobaki ndani ya buti. Grisi ya beringi ya kawaida haifai hapa. Kabla ya kukaza klipu ya mwisho, pitisha bisibisi nyembamba chini ya mdomo wa buti kutoa hewa, la sivyo itavimba au kunywea na kujikunja.

Nati iwe mpya. Kwa Corolla za E120 inakazwa Nm 216, kisha unaugonga ukingo wake ndani ya mfereji wa shafti. Ikilegea, beringi ya habu ndiyo inayokufa. Na ukilazimika kununua jointi nzima, peleka ya zamani dukani uhesabu meno ya shafti na uangalie kama ina ringi ya ABS. Isiyo na ringi itaingia bila shida yoyote, na ukiwasha gari taa ya ABS haitazima.