Nimelipia ripoti ya skauti ya Elly De La Cruz nimeletewa uchafu, nataka hela yangu

Wakuu habari za saa hizi, naombeni mnisikilize maana nimekasirika mpaka usingizi umekata na saa kumi alfajiri natakiwa nikabebe boksi.

Niko huku Ohio. Mwanangu ana miaka 14, anacheza besiboli timu ya shule, anasimama shotistopu, ile nafasi ya kati ya besi ya pili na ya tatu, na mtu wake ni Elly De La Cruz, shotistopu wa Cincinnati Reds, timu ya ligi kuu ya huku Ohio, chumba kizima ni namba 44, namba ya jezi yake. Sasa kuna jamaa anauza mtandaoni ripoti za skauti, yaani za mtu anayepima uwezo wa wachezaji, simtaji jina, anajinadi kuwa mchambuzi, nikamtumia dola 25 nikasema acha dogo asome ajue mchezaji wa kulipwa anapimwaje. Zimekuja kurasa mbili! Ubora: "ana kasi ya ajabu". Udhaifu: "anakosa mipira mingi". Mbele ya safari: "akijituma atafika mbali". Basi, imeisha hiyo. Futa jina la Elly weka la winga yeyote wa Simba, inasomeka vilevile. Dogo kasoma pale mezani jikoni, kageuza karatasi aone kama nyuma kuna kitu, kaniuliza "baba, sasa mimi hapa najifunza nini?" Sikuwa na jibu wakuu, na hicho ndo kimeniuma kuliko hela.

Kwanza kabisa ripoti ya skauti ina utaratibu wake, haijaanza leo. Kuna vitu vitano: kupiga kwa uhakika, nguvu ya kupiga mbali, mbio, mkono wa kurusha na udakaji, na kila kimoja kinapewa maksi kuanzia 20 mpaka 80, 50 ndo mchezaji wa kawaida wa ligi kuu, tena unaweka maksi ya leo na ya pale anapoweza kufika. Huyu bwana hajaweka hata maksi moja! Elly mbio, mkono na nguvu hata skauti mbahili anapanda juu kabisa, homurani yake ya kwanza ligi kuu, yaani mpira uliopigwa ukavuka uzio, Juni 2023 ilikwenda karibu mita 140. Kazi iko kwenye hivyo viwili vilivyobaki, na huko ndo jamaa kakimbia.

Hata hiyo kasi yenyewe kaiandika kivivu. Tarehe 8 Julai 2023 kule Milwaukee, Elly yuko besi ya kwanza, kaiba ya pili, yaani kaikimbilia bila kusubiri mwenzake apige mpira, kaiba ya tatu, halafu mrushaji kapokea mpira kampa mgongo anarudi taratibu kwenye kilima chake, jamaa kachomoka kaiba na ya nyumbani, pale pa kupata pointi, zote tatu ndani ya mipira miwili tu iliyorushwa. Miguu peke yake haikupi kitu hicho, yale ni macho, aliona mgongo wa mtu akaujua maana yake. Andika hivyo basi, dogo akisoma anajua kesho uwanjani aangalie nini!

Tuje kwenye udhaifu. Mwaka 2024 aliongoza ligi nzima kwa kuiba besi, 67, na mwaka huohuo akaongoza kwa straikauti, yaani kutolewa kwa straiki tatu (straiki ni kama mpira anaoukosa mpigaji), mara 218, na kwa makosa ya udakaji, 29. Skauti kazi yake ni kusema KWA NINI. Anapiga pande zote mbili, kushoto anatisha ila akihamia kulia kwa ajili ya warushaji wa mkono wa kushoto anapungua kabisa, na mtu wa karibu mita 2 mikono mirefu vile gongo lake lina safari ndefu, akishakuwa na straiki mbili wanamtupia slaida, mpira unaopinda, inayozama miguuni naye anaifuata.

Na makosa 29 mengi yanaanzia miguuni. Nimekaa na dogo viti vya bei rahisi juu ya besi ya kwanza, mpira mwepesi unabingirika kwake, muda anao, hasogezi miguu, anaegemea pembeni anaurusha kwa mkono tu kwa sababu mkono ule haujawahi kumwangusha, mpira unapiga vumbi mbele ya mdakaji wa besi ya kwanza. Mwanangu ana ugonjwa huohuo!! Kocha kamwambia mara ngapi sijui. Sentensi moja tu ya hivyo kwenye ripoti na dola 25 zangu zingekuwa zimefanya kazi.

Halafu eti "akijituma". Huyu kijana kazaliwa Januari 2002, 2025 kacheza mechi zote 162, sehemu kubwa ya mwishoni msuli wa paja umeumia, ndo maana besi za kuiba zikashuka mpaka 37, na bado straikauti alizipunguza zikawa chini ya 200. Ajitume vipi tena? Cha kujadili hapo ni kama abaki shotistopu au ahamishwe nafasi, mimi nasema abaki, ila nilitaka mtu anayejiita mchambuzi aniambie na sababu.

Reds walimsaini 2018 kwa dola 65,000 tu, kwa hesabu za besiboli hiyo ni hela ndogo. Mchezaji mwingine, José Altuve, alirudishwa nyumbani kwenye majaribio kule Venezuela kwa sababu ya ufupi, akarudi tena kesho yake, timu ya Astros ikampa dola 15,000, 2017 akawa MVP, mchezaji bora wa mwaka. Wanaolipwa kuangalia wanapitwa, sasa wewe usiyeangalia kabisa unauza nini?

Nimemwandikia anirudishie, kajibu "uchambuzi ni maoni" kisha kanibloku. Dola 25 huku ni zaidi ya saa nzima ya kubeba boksi bana. Kama umo humu unajijua, rudisha hela. Na mwenye mazoezi ya miguu ya shotistopu wa miaka 14 naomba ayaweke hapa chini, Jumamosi dogo ana mechi.