Spider-Man ni wa Sony au wa Marvel?

Mleta mada:
Ndugu zangu, juzi kwenye kibanda cha video hapa Kampala kijana mmoja alisema kampuni ya filamu ya Sony wanyang'anywe Spider-Man arudi kwao Marvel waliomtunga, na karibu kibanda kizima kikamuunga mkono. Mimi napinga.

Miaka ya 1990 Marvel walikuwa na njaa, na mwaka 1996 wakafilisika. Haki za filamu za X-Men zilikuwa zimeshakwenda kwa kampuni ya Fox. Mwaka 1999 Sony wakachukua za Spider-Man. Disney waliponunua Marvel mwaka 2009 walijua vizuri nani anakaa wapi.

Sisi wa Buganda jambo hili tunaliishi. Mwenye mailo, yaani mmiliki wa ardhi, ana hati; mwenye kibanja, yaani anayekaa kwenye ardhi hiyo, analima na kulipa busuulu, kodi ya ardhi. Humfukuzi kwa kuwa tu matoke yake yamestawi! Sony ndio wenye kibanja. Wasipotoa filamu kwa muda uliowekwa, haki zinarudi, kama Fox walivyolala hadi shujaa Daredevil akarudi Marvel.

Tena wamekwisha kupatana. Mwaka 2015 walikubaliana Sony watoe pesa na kusambaza, Marvel waongoze utengenezaji, ndipo mwaka 2016 tukamwona Spider-Man pamoja na Captain America, shujaa wa Marvel. Agosti 2019 wakagombana juu ya mgawanyo wa pesa, Septemba wakarudiana. Kwa nini tuvunje kinacholisha pande zote mbili?

Mchangiaji:
Kaka, kibanja hicho kinaoteshwa magugu. Morbius mwaka 2022, halafu Madame Web na Kraven mwaka 2024: maadui na majirani wa Spider-Man, yeye mwenyewe hapigani humo. Sisi watazamaji ndio tunaolishwa. Anayejua kulima apewe shamba.

Mleta mada:
Mavuno hayo yalikuwa mabaya, sibishi. Lakini Into the Spider-Verse ya mwaka 2018 ilitengenezwa na Sony bila Marvel kushika usukani, ikabeba Oscar ya filamu bora ya katuni. Tukisema kila aliyelima vibaya msimu mmoja apokonywe, nani atabaki na kibanja?

Nawauliza hasa ninyi mnaotengeneza filamu hapa kwetu, Wakaliga na kwingineko: mtu akija leo na pesa taslimu akimtaka mhusika uliyemtunga, utaandika haki zirudi kwako baada ya miaka mingapi?