Ukomo wa mishahara La Liga: mngemwongezea mkataba mchezaji mwenye goti la mashaka?

Shabiki wa Chumbageni aliuliza:

Ndugu wadau, habari za leo. Tangu Messi aondoke Barcelona Agosti 2021, karibu kila dirisha la usajili linapofunguliwa tunasikia habari ileile: mchezaji amenunuliwa na ametambulishwa akiwa na jezi mkononi, lakini hawezi kucheza kwa sababu La Liga haijalipokea jina lake, fungu la mishahara likiwa limejaa. Wengi wetu tumezoea kumlaumu Javier Tebas, rais wa ligi hiyo. Mimi nadhani kilichoibana klabu ni mikataba iliyoongezwa kwa wachezaji ambao dalili zao zilikuwa zinaonekana. Mfano wangu ni beki Mfaransa Samuel Umtiti. Juni 2018 aliongezewa mkataba hadi 2023, goti la kushoto likiwa limeanza kumsumbua. Akaenda Kombe la Dunia Urusi, akafunga kwa kichwa bao lililoitoa Ubelgiji katika nusu fainali, na baada ya hapo hatukumwona tena yule Umtiti tuliyemjua. Ingekuwa ninyi ndio wakurugenzi, mngesaini?

Hesabu Kwanza alijibu:

Ndugu mtoa mada, ni vyema kwanza tukaelewana ukomo huo unavyopatikana, maana si kiwango kimoja kwa timu zote. Kwa utaratibu ulioanza 2013, La Liga huangalia mapato ambayo klabu inatarajia kuyapata kwa msimu, huondoa gharama zisizohusu timu pamoja na marejesho ya madeni, na kinachosalia ndicho kinachoruhusiwa kutumika kwa mishahara, bonasi na ile sehemu ya ada za usajili inayohesabiwa kila mwaka wa mkataba. Mapato yakiporomoka, ukomo nao huporomoka, ilhali mshahara uliokwisha kusainiwa haushuki. Janga la korona lilipofunga viwanja, Barcelona ikaumbuka: Machi 2022 ukomo wake ulitangazwa kuwa hasi ya euro milioni 144. Messi alikuwa amekubali kukatwa nusu ya mshahara, na bado rais wa klabu Joan Laporta alieleza kwamba pamoja naye mishahara ingefikia asilimia 110 ya mapato.

Ndiyo maana kwangu mikataba ya hatari zaidi ni ile minne iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 2020. Piqué, ter Stegen, Lenglet na de Jong waliongezewa miaka, nao wakakubali kupokea pungufu kwa wakati ule, sehemu iliyobaki ikisogezwa mbele. Wiki moja baadaye Bartomeu, aliyekuwa rais wa klabu wakati huo, alijiuzulu, mzigo akawaachia wengine. Mvutano wa kiangazi cha 2022, klabu ikiwa tayari kumuuza de Jong kwa Manchester United naye akiudai mshahara wake uliosogezwa, chanzo chake ni hapo.

Beki wa Likoni alijibu:

Naomba kutofautiana kidogo kuhusu Umtiti. Mwaka 2018 alikuwa na miaka 24, na kifungu chake cha kuuzwa kilikuwa euro milioni 60 tu, bei ambayo klabu kubwa ingeilipa bila kuwaza mara mbili. Kutomsainisha kungekuwa hatari vilevile, na mimi ningesaini, ila ningedai goti litibiwe kwanza. Yeye alichagua kutofanyiwa upasuaji.

Kosa nisiloweza kulitetea ni la Januari 2022. Barcelona ilikuwa imemnunua Ferran Torres kwa euro milioni 55 na haikuwa na nafasi ya kumsajili, kwa hiyo ikamrefushia Umtiti mkataba hadi 2026 ili mshahara wake usambazwe kwenye miaka mingi na gharama ya msimu ule ipungue. Huyu ni mchezaji aliyecheza mechi moja tu ya ligi msimu wa 2021/22! Msimu uliofuata alipelekwa Lecce ya Italia kwa mkopo, na 2023 mkataba ukavunjwa.

Mkazi wa Denver alijibu:

Huku Marekani, kwenye NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ukomo ni mmoja kwa timu zote. Mwaka 2025 ulikuwa dola milioni 279.2. Lakini makosa ni yaleyale. Broncos, timu ya hapa Denver, walimwongezea mchezaji Russell Wilson mkataba Septemba 2022 kabla hajawachezea mechi hata moja ya ligi, wakamwacha Machi 2024, na dola milioni 85 zikaendelea kuhesabiwa kwenye ukomo wao kwa misimu miwili akiwa anacheza kwingine.

Shabiki wa Chumbageni alijibu:

Nawashukuru wote. Kaka wa Likoni, hoja ya umri naikubali, ila basi tumtazame kipa ter Stegen. Agosti 2023 aliongezewa mkataba hadi 2028, akiwa na miaka 31. Septemba 2024 aliumia vibaya goti pale Villarreal, na kiangazi cha 2025 akafanyiwa upasuaji wa mgongo. Kanuni inaruhusu hadi asilimia 80 ya mshahara wa majeruhi wa muda mrefu itumike kumsajili mwingine, mradi atakuwa nje kwa miezi 4 au zaidi. Yeye alitangaza kwamba angerudi baada ya miezi 3. Klabu ilikuwa inamsubiri kipa mpya Joan García asajiliwe, ikamvua unahodha, na siku iliyofuata, alipokubali kutoa idhini ya taarifa zake za afya, ikamrudishia. Klabu ilifika mahali pa kugombana na nahodha wake kuhusu urefu wa jeraha.

Mkataba wa mshambuliaji Lewandowski na Barcelona wa 2022 ulikuwa na sharti: mwaka wa nne ungeanza kuhesabika endapo angecheza mechi za kutosha katika mwaka wa tatu. Kwa mchezaji yeyote aliyepita miaka 30, au aliyewahi kulazwa kwa sababu ya goti, mimi ningesaini wa aina hiyo tu.