Naomba ushauri: kuunga nyaya za oksijeni sensa isiyo ya gari hili

Habari zenu wakuu. Niko Tanga, gari langu ni la Kijapani, cc 1500. Taa ya injini imewaka tangu mwezi uliopita na mafuta linakunywa kupita kiasi; kwenda Segera na kurudi naona mshale unavyoshuka. Mashine ya kupima imeonyesha tatizo ni oksijeni sensa ya mbele, yaani kile kifaa kinachopima oksijeni kwenye moshi wa ekzosi.

Nimenunua sensa mpya isiyo na plagi, nyaya nne tupu. Shida iko kwenye rangi. Ya zamani ina nyaya mbili nyeusi, moja ya bluu na moja nyeupe. Mpya ina mbili nyeupe, moja nyeusi na moja ya kijivu. Fundi wa hapa Ngamiani alitaka kuunga nyeupe kwa nyeupe, nikamzuia mkono. Ninavyoelewa, nyaya mbili za rangi moja ni za hita inayopasha sensa joto, na hita inapokea volti 12, wakati waya wa taarifa haufiki hata volti 1. Tukichanganya, naogopa kuunguza kontroboksi (kompyuta ya injini), na hiyo sina hela ya kuinunua.

Je, niko sahihi kwamba bluu iende kwa nyeusi, na nyeupe kwa kijivu? Pia nimesikia nyaya hizi hazichomewi lehemu kwa sababu sensa inavuta hewa kupitia humo. Sasa nibane kwa viungio vya kawaida? Chumvi ya bahari huku inakula shaba haraka mno.

Aliyewahi kufanya kazi hii kwa mkono wake anisaidie, gari limesimama.