Kifuniko kimeandikwa 0W-20, fundi kanitia 20W-50 kwa sababu ya "jua la Pemba"

Asalaam alaykum. Naandika nikiwa na hasira, mniwie radhi, lakini jambo hili limenikaa kooni wiki ya pili sasa.

Nina Vitz ya 2014, ile ya injini ndogo ya 1.0, silinda tatu. Pesa yake imetoka kwenye mshahara wangu na karafuu za mama. Naishi Wete, nafundisha skuli Chake, kwa hiyo gari hii ndiyo miguu yangu. Siku ya kuishusha Mkoani ilikuwa nzima, injini safi, na mlangoni ina kibandiko cha Kijapani cha sevisi ya mwisho. Sijui Kijapani, lakini 0W-20, namba ya uzito wa oili, inasomeka bila mkalimani. Kwenye kitabu chake nako nikazikuta namba: 0W-20 na 5W-30. Hamna 50 hata pa kubahatisha.

Nikaipeleka gereji. Nikamwambia fundi kwa adabu, hii inataka 0W-20, ikikosekana tia 5W-30. Kitabu nilikuwa nacho mkononi, hakukitazama. "Mwalimu, hiyo ni maji hiyo, ya watu wa barafu. Kwa jua hili la Pemba itakuulia injini. Kaa hapo, mambo haya tuachie wenyewe."

Na wakati anasema hayo alikuwa ameshika kifuniko cha oili, ambacho juu yake kimeandikwa 0W-20! Kakiweka juu ya betri, kachukua galoni ya 20W-50, kamimina yote mpaka tone la mwisho. Lita nne. Injini hii inachukua lita tatu na kidogo, tena ukibadilisha na filta.

Kesho yake alfajiri nawasha gari, nasikia juu ya injini ta-ta-ta-ta, kama mtu anagonga kijiko kwenye sufuria. Ikanyamaza baada ya muda. Siku ya pili vile vile. Siku ya tatu kabla ya kuwasha nikachomoa kijiti, nikakifuta kwa kitambaa, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Kina alama mbili, oili inatakiwa ikae kati yake. Yangu ilikuwa imepanda upana wa kidole juu ya alama ya juu. Oili ikizidi hivyo krenkishafti, ule mhimili unaozunguka chini ya injini, inaipiga mpaka inatoa povu, na povu halilainishi chuma. Mwisho wake ni sili kuanza kuvuja.

Sasa hili la jua. Kila fundi hapa analisema, na watu wanaitikia kwa sababu linaingia akilini upesi. Lakini injini ina themostati, kidude kinachodhibiti joto lake. Ikishapata moto, maji yake yanazungukia nyuzi 80 hadi 90 na kitu, uwe Konde au uwe Japani. Ile namba ya mwisho, 20 au 50, ni uzito wa oili unaopimwa kwenye nyuzi 100, siyo kwenye kivuli cha mwembe. Na hapo 50 ni nzito kama mara mbili ya 20. Namba yenye W ndiyo ya baridi, na kwa hiyo peke yake ndiyo hali ya hewa yetu inatupa nafasi: hatuna barafu, kwa hiyo 0W au 5W mimi sigombani na mtu. Nagomba na hiyo 50. Injini hizi nafasi za bering ni nyembamba, na ile VVT-i, mtambo wa kurekebisha wakati wa valvu kufunguka, inageuza kamshafti, mhimili wa kufungulia valvu, kwa msukumo wa oili inayopita kwenye vitundu vidogo. Usiku oili karibu yote inashuka kwenye sampu, bakuli la chini ya injini. Asubuhi ikiwa nzito inachelewa kupanda, na huko juu chuma kinasuguana na chuma. Ndiyo ile ta-ta-ta yangu.

Nilirudi kwake. Akanambia daladala zote za njia ya Wete anazitia hiyo hiyo na hakuna aliyelalamika. Daladala! Injini iliyokwisha, inayokula oili, inayotoa moshi, kuitia oili nzito kidogo kuna maana yake, silikatai hilo. Yangu haijafika huko, na kwa mwendo huu yeye ndiye atakayeifikisha.

Nikamuomba ile galoni tupu niisome. Nyuma imeandikwa API SF, yaani daraja la ubora wa oili. Wanaojua wanajua: S ni ya injini za petroli, na herufi ya pili inavyosonga mbele ndivyo oili inavyokuwa ya kisasa. SP ilianza 2020, na baada yake imekuja SQ mwaka 2025. SF ni ya magari yaliyotengenezwa kabla ya 1989. Gari yangu ni ya 2014! Miaka 25 baadaye, yakhe, halafu nalipishwa bei ya oili mpya.

Pesa hakurudisha hata senti. Gari nikaiweka siku nne, naenda skuli kwa hizo hizo daladala, mpaka shemeji yangu wa Unguja akanitumia 5W-30 kwa boti, imeandikwa SP, kifuniko hakijafunguliwa. Fundi mwengine, kijana wa hapa Wete, akaimwaga ile, akabadilisha filta, akatia lita tatu, akawasha, akazima, akasubiri kidogo, akapima kwa kijiti, ndipo akaongeza kidogo kidogo mpaka ikakaa chini kidogo ya alama ya juu. Dakika kumi za ziada tu. Asubuhi yake nikawasha, kimya.

Kwa hiyo sevisi moja nimeilipia mara mbili, na hizo asubuhi ilizogonga sijui zimekula nini humo ndani.

Mafundi mliomo humu, nijibuni moja tu: kusoma kifuniko ulichokishika mwenyewe kunakupunguzia nini?

Na kama kuna anayejua duka Chake au Wete lenye 0W-20 iliyofungwa, siyo ya kupimiwa kutoka kwenye pipa, aliandike hapa. Dada yangu ana Passo ya injini hii hii, sevisi yake ni wiki ijayo, na yule fundi ameshampigia simu.